Si nyama inayoua figo za mbwa mzee

Jumapili moja jioni nilikuwa namwogesha mbwa wangu Chui uani. Manyoya ya mbwa yakishalowa hayafichi kitu. Nikapitisha kiganja mgongoni kwake, kutoka mabegani kwenda mkiani, na pingili za uti wa mgongo zikahesabika moja baada ya nyingine kama shanga zilizofunikwa kwa leso. Mapaja ya nyuma, ambayo zamani yalijaa mkono, yalikuwa yamenywea. Juu ya macho, pale misuli ya taya inapoanzia, palikuwa na vishimo viwili vinavyotosha ncha ya kidole gumba. Tumbo, hata hivyo, lilikuwa duara. Nikampeleka kwenye mzani wa duka la pumba la mtaani kwetu: kilo 15, zilezile za miaka mitatu nyuma. Kilo hazikuwa zimepungua. Mnofu ulikuwa umeondoka na mafuta yakakaa mahali pake.

Huku kupungua kwa misuli kwa ajili ya umri madaktari wanakuita sakopenia, na kunampata mbwa kama kunavyompata babu. Kilichoniuma ni kwamba mkono wangu ulikuwamo. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nimempunguzia nyama na dagaa kwa ushauri wa mtaalamu mmoja, aliyeniambia kwa nia njema kabisa: "Huyu sasa mzee, mama. Protini itamharibu figo. Mpe ugali laini na mchuzi, inamtosha." Hakupima damu wala mkojo. Nami sikuuliza.

Ushauri huo si wa mtu mmoja. Nimeusikia Area C, nimeusikia Nkuhungu, nimeusikia kwa walinzi wa Nala. Na hapa Dodoma una uzito wa pekee kwa sababu ya mji ulivyokua. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, watu walimiminika kununua viwanja Iyumbu, Ilazo, Nala na Mtumba, na wengi wao, kabla hata ukuta haujapanda, walitafuta mtoto wa mbwa wa kulinda matofali na saruji. Watoto wale wa 2017 na 2018 sasa wamevuka miaka saba. Mbwa wa umbo la kati huanza kuhesabiwa mzee kati ya miaka saba na tisa. Wale wakubwa, kama jamani shepadi, huanza mapema kidogo. Kwa hiyo tuna mji wenye mbwa wengi wanaozeeka kwa pamoja, na wenye mbwa wanaulizana swali lilelile: huyu mzee ale nini?

Mimi nasema hivi, na nitaeleza kwa nini. Mbwa mzee mwenye figo nzima anahitaji protini nyingi kuliko aliyohitaji ujanani, tena iliyo bora zaidi. Kumpunguzia bila kumpima ni kumwondolea misuli huku tukidhani tunamtunza.

Hofu yenyewe ilianzia kwa panya. Mwanzoni mwa karne iliyopita watafiti waliwalisha panya wa maabara protini nyingi wakaona figo zao zinaharibika. Panya wa maabara ana tabia ya kuugua figo anapozeeka, na protini nyingi humharakishia ugonjwa huo. Habari ile ikahamishiwa kwa mbwa nzimanzima, mnyama ambaye mababu zake waliishi kwa kuwinda. Kikaongezeka kitu cha pili kilichofanana na ushahidi: mbwa akila nyama nyingi, yurea hupanda kwenye damu yake. Figo zikifa, yurea nayo hupanda. Mtu akiitazama namba hiyo peke yake ni rahisi kusema nyama imeua figo, kumbe yurea ni taka ya kawaida inayobaki protini ikishavunjwa mwilini, na figo zenye afya huisukuma nje kwenye mkojo bila shida.

Walipopimwa mbwa wenyewe, habari ikageuka. Mwaka 1966 watafiti Wannemacher na McCoy walionyesha kwamba mbwa wazee walihitaji protini hadi nusu zaidi ya ile ya vijana ili akiba ya protini mwilini isishuke. Mwaka 1994 kundi la mtafiti Finco wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, lilieleza jaribio ambalo mbwa wazee walitolewa figo moja kila mmoja, ili iliyobaki ibebe kazi ya mbili, kisha wakalishwa kwa miaka minne, wengine chakula chenye protini asilimia 18 na wengine asilimia 34. Protini ile nyingi haikuonekana kuidhuru figo iliyobaki. Inanisumbua kuwawaza mbwa wale wazee wakipasuliwa. Lakini wamekwisha kupasuliwa, na haki ndogo tunayoweza kuwatendea ni kusikiliza walichotuonyesha.

Kwa nini mzee ahitaji zaidi? Kwanza mwili wake hujenga misuli kwa shida. Nyama iliyomtosha kijana kujijenga, kwa mzee inafanya kazi ndogo. Halafu kuna hesabu ya nguvu. Mbwa mzee anatembea kidogo, analala sana, na mahitaji yake ya nguvu hushuka, mara nyingi kwa kama moja ya tano. Mwenyewe anaona mbwa ananenepa, anapunguza bakuli. Bakuli likipungua, kila kilichomo kimepungua, protini ikiwamo, na hapo ndipo hitaji lake la protini limepanda. Kwa hiyo katika hicho kidogo kilichobaki, sehemu ya protini ni lazima ikue.

Kumpunguzia shibe kwenyewe kuna faida kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia mbwa aina ya Labrador maisha yao yote, na wale waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Lakini walipunguziwa wakila chakula kamili. Sisi tunapunguza nyama tunabakiza wanga, kisha tunasema tumempa mzee chakula chepesi.

Tuingie jikoni sasa, maana huku ndiko shida yetu hasa iliko. Chukua mbwa wa kilo 15, saizi ya mbwa wetu wengi wa kienyeji. Akiwa mzee asiye na purukushani, kwa siku anahitaji nguvu ya kilokalori kama 750. Protini, kwa kipimo cha gramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wake, ni gramu 37 au 38. Akishibishwa ugali wa sembe mtupu, unga wa kumpa nguvu hiyo ni kama gramu 210. Unga wa mahindi una protini kama gramu 8 katika kila gramu 100. Jumla yake ni gramu 17. Mbwa ameshiba, tumbo limetuna, amejinyoosha kibarazani, na hajapata hata nusu ya anachohitaji.

Na hizo 17 zenyewe zina kasoro. Protini imeundwa kwa asidi amino, na kumi kati ya hizo mwili wa mbwa hauwezi kuzitengeneza. Ni lazima zitoke bakulini. Ikipungua moja, ujenzi wote unasimama pale ilipoishia hiyo moja, kama fundi mwenye tofali elfu na mfuko mmoja wa saruji. Mahindi yana uhaba wa mbili kati ya hizo, laisini na triptofani. Mtama nao laisini hauna ya kutosha. Uwele una protini nyingi kidogo kuliko mahindi, lakini kwa laisini bado unapungua. Kwa hiyo anayehama kutoka sembe kwenda ugali wa mtama wa Chamwino, akiamini amempa mbwa chakula cha asili chenye nguvu, hajaliziba pengo. Pumba ndiyo mbaya zaidi. Walinzi wengi huwapikia mbwa pumba kwa sababu ni rahisi, lakini imejaa nyuzinyuzi ambazo tumbo la mbwa haliwezi kuzivunja. Anatoa kinyesi kingi, na sehemu ya ile protini ndogo inaondoka nacho.

Mchuzi hauisaidii hesabu hii. Una harufu ya nyama, chumvi na mafuta, na mnofu umebaki kwenye sahani za wenye nyumba. Tena mchuzi wetu haukosi vitunguu, na vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Kinachoziba pengo hakiko mbali. Yai moja lina protini kama gramu 6, na karibu yote mwili huitumia. Kwa miaka mingi wanalishe wamelifanya yai kuwa kipimo cha kulinganishia vyakula vingine. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na laisini wanayo tele, yaani wanaleta kilekile ambacho mahindi yamekosa. Kipimo nilichoanza nacho kwa Chui kilikuwa hiki: unga gramu 130, mayai mawili, dagaa wakavu gramu 30, na kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti. Unga unaleta gramu 10 na nusu, mayai 12, dagaa kama 16. Inafika 38. Dagaa huliwa na mifupa yao, kwa hiyo kalsiamu inakuja humohumo. Vyakula vya kupika nyumbani mara nyingi hupungukiwa zinki na vitamini, kwa hiyo naongeza ini la ng'ombe, kipande cha ukubwa wa kiberiti, mara mbili kwa wiki. Sizidishi, maana vitamini A ya ini ikirundikana mwilini huumiza mifupa.

Kuhusu dagaa nina mengi ya kusema, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoibiwa na mbwa wanapoumia. Ukienda Soko la Majengo utawakuta kwa madaraja. Kuna wa Kigoma, wasafi na wenye bei yao. Kuna wa Mwanza. Na pembeni kuna rundo ambalo muuzaji akishasikia ni kwa ajili ya mbwa atakuelekeza huko mara moja: "wa mifugo hao." Wa mifugo wamevunjikavunjika na wameanikwa mchangani. Nikiwanunua, nikifika nyumbani nawamwaga kwenye beseni la maji, nakoroga kwa mkono, nasubiri. Mchanga unashuka na kutanda chini ya beseni, mweusi, unakwaruza vidole. Namwaga, narudia, mara tatu, mpaka chini pabaki peupe. Kisha nawaanika juani na kuwasaga, kwa sababu Chui amebakiwa na magego machache na mchanga ungeyamaliza. Wakinuka ukungu au wakiwa na utando, siwanunui hata kwa bei ya bure. Dagaa wa baharini, ambao wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, nawaepuka kwa mbwa mzee, hasa mwenye moyo mbovu.

Buchani sasa wananijua. "Dada, leo nikupimie mapafu au bandama?" ananiuliza kijana kabla sijafika dirishani. Mapafu na bandama vina protini gramu 16 hadi 18 katika kila gramu 100 za nyama mbichi, karibu sawa na steki, na watu wachache huvigombania. Lakini hapa kuna sharti ambalo sitalisema kwa sauti ya chini: vichemshwe mpaka ndani kabisa. Mapafu na maini ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yanaweza kuwa na vifuko vya maji vya mnyoo uitwao Echinococcus. Mbwa akila kifuko kibichi, mnyoo unakomaa utumboni mwake, mayai yake yanatoka na kinyesi, na mtoto anayecheza na mbwa huyo akiyameza, kifuko kinaota kwenye ini au mapafu ya mtoto. Siku za mnada Msalato, wakati wa kuchinja na kuchoma, mbwa huzunguka chini ya meza wakisubiri kutupiwa kipande. Ukiona kifuko cha maji kwenye pafu, kiteketeze au kifukie kwa kina. Usimtupie mbwa, wa kwako wala wa mwenzako.

Miguu ya kuku na ngozi humfurahisha sana mbwa, na kwa mzee asiye na meno supu yake inateleza vizuri. Isikudanganye. Protini yake kubwa ni kolajeni, protini ya ngozi na kano, ambayo haina triptofani kabisa. Ukiichanganya na ugali wa mahindi, ambao nao una uhaba wa triptofani, umeweka pengo juu ya pengo. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, nimeacha kumpa.

Kwa siku ambazo mfukoni hamna kitu, kunde, choroko au njugu mawe zilizochemshwa mpaka zikapondeka zinasaidia, kwa kuwa laisini zinayo. Yai hazilifikii.

Kwa wanaonunua chakula cha mfuko, neno moja tu. Kiwango kinachotumika Marekani, ambacho viwanda vingi hukifuata, kinataka chakula cha mbwa aliyekwisha kukua kiwe na protini isiyopungua asilimia 18 baada ya kuondoa maji, na hakina kipengele cha peke yake kwa mbwa mzee. Maandishi ya "kwa wazee" mbele ya mfuko hayakuhakikishii chochote. Geuza nyuma usome namba. Kwa mbwa mzee mwenye afya mimi natafuta 25 kwenda juu. Ukiwa na kopo, ondoa maji kwanza: kopo lenye protini asilimia 8 na maji asilimia 78 lina kavu ya 22, na 8 katika 22 ni zaidi ya theluthi.

Lakini kinachonikera zaidi katika hofu hii ya nyama ni vitu ambavyo imetufanya tusivione. Dodoma ndiko nyumbani kwa zabibu za nchi hii. Ziko Hombolo, ziko Makutupora, ziko Mpunguzi, na nyumba nyingi mjini zina mzabibu uliopandishwa kwenye kichanja uani. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuzima figo za mbwa katika muda wa siku chache. Tangu mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama wa Marekani wanaishuku asidi ya tatariki, ambayo kwenye zabibu ni nyingi na kiwango chake hubadilika kati ya aina na aina na kadiri zinavyoiva. Pengine ndiyo maana mbwa mmoja hula kishada akaendelea na maisha, mwingine akala chache akaanza kutapika siku hiyohiyo, kisha mkojo ukapungua, kisha ukakata. Akionekana amezila, usisubiri dalili. Mkimbize kwa daktari.

Nilipita nyumba moja Ipagala wakati zabibu zimeiva. Mzabibu ulikuwa umetandazwa juu ya banda la mbwa ili apate kivuli, na kivuli chenyewe kilikuwa kizuri kweli. Mbwa alikuwa mzee, mdomo mweupe. Mwenye nyumba aliniambia nyama alishamkataza kwa ajili ya figo. Na pale mbwa alipolala, kati ya miguu yake ya mbele, palikuwa na punje zilizodondoka, nyingine zimepasuka na nyuki wanazizunguka. Nilimwambia. Akaziokota zote pale pale, kwa mikono yake, na kesho yake banda likahamishwa.

Kuna dawa za maumivu pia. Mbwa mzee anachechemea, mwenye mbwa anakwenda duka la dawa, anarudi na diklofenaki au ibuprofeni aliyozoea kumeza mwenyewe, anamvunjia nusu. Dawa hizi kwa mbwa hutoboa tumbo na kuumiza figo, na mzee ndiye wa kwanza kudhurika. Zipo dawa za viungo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Daktari wa mifugo ndiye wa kuzitoa, tena kwa kupima uzito.

Na kuna sumukuvu. Hii hushambulia ini kuliko figo, lakini inapita mlango uleule wa "chakula cha mbwa". Mwaka 2016 ugonjwa wa sumukuvu ulizuka mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 wakafa. Hatukusahau. Hata hivyo bado nasikia, mahindi yakivunda au karanga zikikunjamana na kuota ukungu: "Hizo tenga za mbwa." Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka sana kwa sumu hii, na kupika hakuiondoi. Nafaka isiyofaa kwa mtoto haifai kwa mbwa. Tukishamgeuza kuwa pipa la kumalizia kilichoharibika, kisha akafa akiwa na macho ya njano, tusiulize kama nyama ilizidi.

Upande wa pili upo, na sina haki ya kuuruka. Wapo mbwa wazee ambao figo zao kweli zimechoka. Anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa mengi yasiyo na rangi, anakonda, mdomo unanuka, asubuhi anatapika. Huyu anahitaji kupimwa damu na mkojo kwa pamoja. Kipimo kinachozoeleka kwenye damu ni kreatinini, na kina kasoro mbili ambazo kila mwenye mbwa mzee anapaswa kuzijua. Huanza kupanda waziwazi wakati kama robo tatu ya uwezo wa figo umekwisha kupotea. Tena kreatinini hutoka kwenye misuli. Mbwa aliyeisha misuli hutoa kidogo, kwa hiyo namba yake inaweza kuonekana nzuri huku figo zinakufa. Yaani kumkondesha mbwa kwa kuogopa figo kunaweza hata kuuficha ugonjwa tunaouogopa. Mkojo ndio unaosaidia hapo: ukiwa mwepesi kila unapopimwa, au ukiwa na protini, kuna jambo.

Ikithibitika, lishe inabadilika, na mabadiliko ya kwanza ni kupunguza madini ya fosforasi. Hapo dagaa ninaowasifia wanaondoka bakulini, maana mifupa yao imejaa fosforasi, na mifupa yote inaondoka nao. Protini inashushwa kwa kiasi anachopanga daktari kulingana na hatua ya ugonjwa, haifutwi. Ute mweupe wa yai unakuwa rafiki mkubwa, kwa sababu una protini safi na fosforasi ndogo sana. Maji yasikauke bakulini, na kwa joto na ukame wa Dodoma hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kesi ngumu zina pa kwenda: Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina hospitali ya rufaa ya wanyama, kilometa zipatazo 260 kutoka hapa. Ni mbali, najua. Lakini sampuli ya damu na mkojo inachukuliwa hapahapa, na gharama yake, kwa mtu aliyemlisha mbwa kwa miaka minane, haizidi thamani ya kujua.

Chui nilimpima baada ya Jumapili ile. Kreatinini ilikuwa ya kawaida, na mkojo wake ulikuwa mzito, hauna protini. Figo zake hazikuwa na neno. Mwaka mzima wa ugali laini haukuwa na sababu.

Nilipoanza kumpa mayai, jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliona maganda kwenye ndoo ya taka. Nilimwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mayai mawili kila siku kwa mbwa. Na watoto wa mtaa huu?" Sikuwa na jibu la haraka, na sijifanyi ninalo hata leo. Katika nchi ambayo utafiti wa mwaka 2022 uliona watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, swali la mwalimu ni la haki, na mbwa hawezi kuwekwa mbele ya mtoto. Nilirudi kwenye hesabu yangu nikatoa yai moja, nikaweka gramu 40 za mapafu badala yake, na protini ikabaki palepale. Bandama, mapafu, vichwa vya kuku, dagaa waliooshwa mchanga: hivi mara nyingi havinyang'anyi sahani ya mtoto. Vinahitaji muda na kuni zaidi ya fedha.

Lakini nilimwambia mwalimu na jambo jingine. Wakati huku Iyumbu hakuna taa wala majirani, fisi walikuwa wakipita usiku nyuma ya ukuta ambao haujakamilika, na aliyesimama kati yao na mbuzi wangu watatu alikuwa Chui, mdogo, sauti haijakomaa. Kicheche hakuwahi kumaliza kuku wangu. Mafundi waliacha nondo nje zikakutwa asubuhi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amwepushe na njaa, na njaa ya protini ni njaa hata kama tumbo limejaa ugali. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Wiki iliyofuata aliniletea kibakuli cha kunde, akasema ni za mzee mwenzake.

Imepita miezi minne. Jumapili iliyopita nilimwogesha tena na kupitisha kiganja palepale. Pingili bado zipo, ila sasa inabidi nibonyeze kidogo kuzipata. Mapaja yameanza kushika. Vishimo vya juu ya macho havijajaa, na sidhani vitajaa. Alipojikung'uta maji alipanda mwenyewe ngazi tatu za kibaraza, zile ambazo msimu wa mvua nilikuwa nambeba, akalala akiwa ameelekeza pua getini. Mwezi ujao nitapeleka mkojo wake ukapimwe tena.